Lori la stima Mombasa hadi Nairobi: biashara au maonyesho?

#1 MwenyeVichwa
Wadau, habari. Hapa Lunga Lunga amekuja kijana wa mauzo na picha nzuri za vichwa vya stima (magari ya mbele yanayovuta tela, ila kwa umeme), anataka tuweke oda ya viwili vya majaribio. Mzee wangu ameanza kuingia boksi. Mimi nasema lori la stima kwa masafa marefu ni kitu cha maonyesho. Kilomita 480, kontena la futi 40 limejaa, joto la Voi, halafu unapanda mlima wa Salama na mzigo. Betri itakata roho Mtito Andei. Nipingeni, lakini kwa hesabu, si kwa picha.

#2 Kijana wa Ruaka
Tesla wana lori linaloenda kilomita 800 na mzigo kamili tangu 2017. Uko nyuma, mkubwa.

#3 Pimamaji
@Kijana wa Ruaka, 2017 walilizindua tu jukwaani. Mteja wa kwanza, PepsiCo, alikabidhiwa Desemba 2022. Na hizo 800 ni maili 500 za barabara za Marekani, gari na mzigo pamoja vikiwa tani 37 hivi. Hapa kwetu lori la ekseli saba linaruhusiwa tani 56. Ukitaka kulinganisha, linganisha vilivyo sawa.

#4 Kijana wa Ruaka
Sawa mwalimu. Na malori ya Nikola je?

#5 Tanboi Mstaafu
😂😂 Nikola ndio wale video yao ya 2018 lori lilikuwa linabingirika mteremkoni, halina nguvu yake lenyewe. Mwanzilishi akapatikana na hatia ya ulaghai 2022, na Februari 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Kwa kuteremka, hata tela bila kichwa litafika Mombasa.

#6 HesabuKwanza
Nimekaa na kalamu, someni polepole.

Kutoka bandarini hadi Nairobi unapanda kama mita 1,650. Gari zima likiwa tani 50, kulinyanyua tu hadi huku juu, hata matairi yasingesuguana na lami kabisa, ni yuniti 225 za stima. Yuniti (kWh) zilezile unazonunua kwa tokeni. Sasa weka msuguano na upepo. eActros 600, lori la stima la Mercedes, ina betri ya yuniti 621, na wenyewe wanasema inakwenda kilomita 500 ikiwa tani 40. Hiyo ni yuniti moja na robo kwa kilomita. Kwa tani 50 mimi naweka 1.4. Zidisha kwa 480, unapata 672. Jumlisha mlima pamoja na kinachopotea kwenye mota, uko karibu na 920.

Kwa hiyo betri ya 621 haifiki kwa mkupuo mmoja. Hapo mwenye uzi ana haki. Lakini inafika ikichajiwa mara moja njiani, na Mtito Andei iko katikati kabisa.

Sasa pesa. Kichwa cha dizeli chenye mzigo huo kinakula lita moja kwa kilomita mbili hivi. Lita 240, tuseme kwa shilingi 170 kila moja, unachoma karibu 41,000 kupanda tu. Upande wa stima, 2023 EPRA, wadhibiti wa nishati, waliweka bei maalum ya magari: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za usiku ambazo watu wamelala, kabla ya tozo na kodi. Ukihesabu na kinachopotea wakati wa kuchaji, sema yuniti 1,000. Ni elfu 16, au elfu 8 ukichaji usiku. Ongeza tozo zote unazozichukia, bado uko mbali na 41,000.

#7 MwenyeVichwa
@HesabuKwanza asante kwa kazi hiyo. Lakini umesema mwenyewe haifiki. Halafu chaja iko wapi Mtito? Nimepita juzi, nimeona mbuzi choma na pancha.

#8 Mama Kibanda Mtito
Heshima kwa mbuzi choma tafadhali 😄

Mimi niko hapa. Nyinyi mnahesabu yuniti, mimi nahesabu sahani. Malori yanalala hapa kila usiku, mengine yanaingia saa mbili yanatoka alfajiri. Yakija na kamba za stima badala ya kuacha injini zikinguruma nje ya dirisha langu, karibuni sana. Ila niwaambie ukweli: jioni watu wakiwasha taa, friji yangu inalia. Hiyo laini mnayotaka kuchaji nayo vichwa kumi itatoka wapi?

#9 Fundi wa Juu
Mama amegusa penyewe. Mimi kazi yangu ni transfoma. Chaja moja ya kilowati 120 inajaza betri ya 621 kwa saa tano na kidogo. Hiyo si mbaya, dereva amelala. Lakini malori 40 kwa pamoja ni karibu megawati 5. Hapo huombi kuunganishiwa mita, unajengewa kituo kidogo chako mwenyewe na laini ya kilovolti 33 au 66. Nani analipa? Mwenye malori? Mwenye petroli stesheni? Serikali?

Halafu @HesabuKwanza, ile bei ya 16 na 8 umeiacha nusu. Waliiweka kwa mita inayotumia kuanzia yuniti 200 hadi 15,000 kwa mwezi. Malori kumi yakichaji kila usiku yanamaliza 15,000 ndani ya siku tatu. Baada ya hapo unaingia bei ya viwanda, na huko unalipia pia kVA, yaani kiwango cha juu kabisa cha stima ulichovuta kwa pamoja mwezi huo, hata kama ni usiku mmoja tu. Kituo ambacho malori yanakuja kwa kubahatisha kitaumizwa na hiyo kVA kabla hakijaumizwa na yuniti.

#10 HesabuKwanza
Sawa, weka bei ya viwanda. Hata yuniti ikifika shilingi 25 na kila kitu ndani, yuniti 1,000 ni elfu 25. Bado ni pungufu ya dizeli kwa elfu 16 kila safari ya kupanda.

#11 Fundi wa Juu
Na deni la kichwa chenyewe umeliweka? Cha stima kipya ni zaidi ya mara mbili ya cha dizeli kipya.

#12 Wa Mitumba
Mnabishana kuhusu kipya na kipya. Nani hapa hununua kipya? Nendeni Mlolongo mkahesabu. Nusu ya vichwa mtakavyoona ni Actros zilizokwisha kumaliza ujana wao Ulaya, zikaja hapa zikapakwa rangi. Mwenye lori moja au mawili anaingia hivyo kwenye biashara: akiba, chama, mkopo kidogo, kichwa cha mtumba. Lori la stima la mtumba liko wapi? eActros 600 zimeanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2024. Zikifika hapa zimeshachoka, betri nayo imechoka, na betri ndiyo bei.

Mimi hiyo ndiyo naiona sababu yenyewe. Si mlima, si joto. Hizo ni hadithi za kupitisha muda.

#13 Dereva wa Kweli
Samahani, watu wa kalamu. Nani kati yenu ameshapandisha kontena?

#14 Baba Salgaa
Mimi nimepandisha, kabla hujazaliwa pengine. Nimeendesha njia ya Mombasa na njia ya Malaba hadi mgongo ukakataa.

Tuanze na kupanda. Watu wanaogopa stima kwa sababu ya mlima, lakini mota ya stima ina nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Pale Salama dizeli inashuka gia hadi unaweza kutembea kando yake ukiongea na tanboi wako, yule msaidizi wa dereva. Shida ya stima si kushindwa mlima, ni kuumaliza mlima na betri pamoja.

Kubwa kwangu ni kuteremka. Mnajua kwa nini watu walikufa kwenye mteremko wa Sachangwan na Salgaa, karibu na Nakuru, miaka ile? Sio breki pekee. Dereva anaondoa gia, gari linateremka lenyewe, injini inakula mafuta kidogo tu. Mafuta yanayobaki ni yake, anauza. Breki za hewa zikipata moto, basi. Baada ya ajali ya Migaa usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, watu 36, ndipo barabara ikatenganishwa pande mbili. Lori la stima ukiondoa mguu mota yenyewe inashika na kurudisha nguvu kwenye betri. Dereva hana faida yoyote ya kuliachia. Kwa hilo peke yake ningelinunua.

#15 Mlinzi wa Tangi
Asante Mzee. Umesema kitu ambacho wenye malori wanakijua na hawakiandiki popote.

Ofisini kwetu tuliweka vifaa vya kupima tangi. Wiki ya kwanza vikafanya kazi. Baadaye vikaanza "kuharibika" kila vikipita sehemu moja ya njia, usiku, gari limesimama. Kando ya barabara kuna watu na jerikeni, bei yao iko chini ya ya petroli stesheni, na hawakosi wateja. Sasa nijibuni: stima utaiuza kwa jerikeni gani? Mwenye mali akijumlisha kilichoibwa kwa mwaka, lile deni la kichwa kipya analotuogopesha nalo @Fundi wa Juu linaanza kupungua. Na ndiyo sababu madereva watakuwa wa kwanza kusema lori la stima halifai. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu.

#16 Dereva wa Kweli
Nilijua tutafika hapo. Dereva ni mwizi, uzi umefungwa.

Posho ya safari ikitoka Mombasa inaisha Voi. Mzani una foleni, bandari ina foleni, kila foleni chakula changu mwenyewe. Kontena likichelewa siku tatu kwenye yadi, mwenye mali analipwa gharama za kusubiri, mimi silipwi. Yale mafuta mnayoita wizi ndiyo mshahara ambao hamtaki kuuandika kwenye karatasi. Leteni stima, mtaona. Mtaongeza mshahara au mtaendesha wenyewe.

#17 Mlinzi wa Tangi
Kaka, hukukana.

#18 Tanboi Mstaafu
😂😂😂 Nipeni popkoni.

#19 Wakili wa Mtaa
Niwatoe hapo kabla hamjashikana. Sheria ya Trafiki ya Kenya inasema dereva wa gari la biashara asizidishe saa 8 za kuendesha katika saa 24. Ulaya wanabana zaidi: ukiendesha saa nne na nusu, unapumzika dakika 45. Ndiyo maana kule wanatengeneza chaja za megawati, ili dakika 45 zitoshe. Sisi hatuhitaji hizo. Lori lenye mzigo halitoki Mombasa likafika Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo dereva anayefuata sheria lazima alale njiani, na akilala chaja ya kawaida inatosha. Nasema anayefuata sheria.

#20 Dereva wa Kweli
Huyo anayefuata sheria anafanya kazi kampuni gani? Nataka nipeleke barua ya kuomba kazi.

#21 Nyani wa Tsavo
Kwa nini tusibadilishe betri tu? China malori yanafanya hivyo: betri imesimama nyuma ya kabini, winchi inaitoa, inaweka nyingine, dakika tano unaondoka. Ni mtungi wa gesi tu, unaacha mtupu unachukua uliojaa. Na vijana wa boda za stima hapa Nairobi wanafanya hivyo kila siku, sio kitu kigeni.

#22 Fundi wa Juu
Za boda unabeba kwa mkono. Hizo za China ni kama yuniti 282 kila moja, uzito wake ni tani kadhaa. Kwa hesabu ya #6 unahitaji kubadilisha mara tatu kabla ya kufika Nairobi, kwa hiyo vituo vitatu, na kila kituo kina betri za ziada zimekaa tu zikisubiri. Nani anafunga pesa kiasi hicho? Na kila kampuni ya malori ikubali betri ya umbo moja. Sisi hata chaja za simu zimetushinda.

Lakini nakubali jambo moja: betri zilizokaa kituoni unaweza kuzichaji usiku polepole, bila megawati. Olkaria, kwenye mitambo ya stima ya mvuke wa ardhini, usiku mvuke unaachiwa hewani kwa sababu hakuna wa kuitumia stima yake. Huo ndio utumiaji wa usiku nchi inautafuta.

#23 Pimamaji
Nchi ambayo 25 Agosti 2023 ilizima yote hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza, na Desemba mwaka huohuo ikazima tena? Mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo mnaitundika kwenye laini hiyo?

#24 Kijana wa Ruaka
Petroli stesheni nazo zinahitaji stima kupampu mafuta, boss. Ikizima nchi nzima wote mnalala Mtito.

#25 Mama Kibanda Mtito
Izime mara moja kwa wiki basi.

#26 Abiria wa Madaraka
Mbona mnazunguka? Mzigo wa masafa marefu upandishwe SGR, ile reli mpya, tayari ni ya stima, malori yabaki ya mjini.

#27 Pimamaji
SGR yetu inavutwa na dizeli. Ya stima ni ya Tanzania, Dar hadi Morogoro walianza Juni 2024, kisha Dodoma. Ethiopia nao njia yao ya Djibouti ni ya stima. Sisi tulijenga kwanza, waya tukasema baadaye.

#28 Binti Makupa
Na kuhusu "mzigo upandishwe SGR", huku Mombasa tulishaonja. 2019 walipoagiza makontena yote yapande treni, watu waliandamana kila wiki hapa. Yadi zilikauka, wenye vibanda Mariakani walifunga, wapangaji wakahama. 2022 Rais mpya alipoingia akarudisha uondoshaji wa mizigo bandarini. Kwa hiyo unaposema malori yabaki ya mjini, sema pia mji gani utakula nini.

#29 Abiria wa Madaraka
Dada, sikusema watu wafe njaa.

#30 Binti Makupa
Hukusema, ulipita tu juu yao.

#31 Mpima Mzani
Narudi kwenye mada. Mmesahau uzito. Betri za eActros 600 ni tatu, jumla yake tani 4 na nusu. Toa injini, gia boksi na tangi la dizeli, unabaki na ziada ya tani mbili hivi. Ulaya malori yasiyotoa moshi yanaongezewa hadi tani 2 kisheria ili yasipoteze mzigo. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari ni ya 2013, na tani 56 ni tani 56: mzani wa Mariakani hauulizi umebeba betri au ngano. Anayebeba klinka (malighafi ya saruji) au ngano anapoteza tani mbili kila safari. Anayebeba nepi na plastiki haoni tofauti, kontena linajaa kabla halijawa zito. Kwa hiyo @MwenyeVichwa swali la kwanza ni: mnabeba nini?

#32 MwenyeVichwa
Kupanda ni vyuma na vigae. Kuteremka, mara nyingi kontena tupu.

#33 Mpima Mzani
Basi nyinyi ndio mfano mbaya kuliko wote 😅

#34 HesabuKwanza
Kweli. Kuteremka tupu, lori likiwa na tani 18, mlima wote unakurudishia yuniti 80 kwenye karatasi, na kwenye betri pungufu ya hapo. Kuna dampa moja ya machimbo karibu na Biel, Uswisi, inateremka na tani 65 za mawe na kupanda tupu, haihitaji kuchajiwa. Nyinyi mko kinyume chake: mnapanda na mzigo, mnateremka na hewa. Anayefaa kwa upande wetu ni wa chai. Anapakia Kericho juu, anateremsha Mombasa.

#35 Wa Mitumba
Na kurudi anabeba nini? Mbolea. Na ni kupanda mlima.

#36 HesabuKwanza
Aaah.

#37 Kazi ya Embakasi
Mimi nina mtazamo tofauti. Kontena likitoka ICD Embakasi, bandari kavu ya Nairobi, kwenda Ruaraka au Thika ni safari fupi, gari linarudi jioni kulala yadi moja, unachaji hapohapo. Foleni ya Mombasa Road dizeli inachoma ikiwa imesimama, stima haichomi kitu. Anzeni hapo. Masafa marefu mtayafuata mkiwa na mafundi wenu waliokwisha kuungua vidole.

#38 MwenyeVichwa
Hiyo si masafa marefu, kwa hiyo hainijibu. Lakini nimeiandika pembeni. Na wale wa Malaba, mpakani na Uganda? Kijana wa mauzo anasema hata huko kinafika.

#39 Baba Salgaa
Nairobi hadi Malaba ni kama 440. Unashuka bondeni, unapita Nakuru, unapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, halafu unateremka na mzigo hadi Malaba, mita 1,100 na kitu. Huko mzigo unateremka nao, sio kama ya Mombasa.

#40 HesabuKwanza
Mzee amenipa raha. Tani 50 kuteremka mita 1,600 ni yuniti zaidi ya 210 kwenye karatasi. Ukipata theluthi mbili, ni 140, ukiwa umekaa tu. Ila usichaji Timboroa. Betri ikijaa pale juu haina mahali pa kuweka hiyo nguvu. Chaji Nakuru, fika juu ukiwa na nafasi.

#41 Baba Salgaa
Subiri kwanza. Betri ikijaa, ile mota haishiki tena? Narudi kwenye breki za hewa? Maana Sachangwan unateremka ukirudi Nakuru, na dereva atakuwa amelala Burnt Forest na amechaji hadi juu kabisa kwa sababu usiku ni bei rahisi.

#42 Fundi wa Juu
Inapunguza kushika, ndiyo. Malori mengine yanafungwa vifaa vya kugeuza nguvu hiyo kuwa joto na kuitupa, mengine yana ritada kama ya basi, kifaa cha kupunguza mwendo bila kugusa breki. Mengine hayana. Na unaweza kupanga chaja isimame asilimia 80, kama dereva hataigusa.

#43 Dereva wa Kweli
Ataigusa.